Kitambaa cha kawaida au premiamu? Kabla ya kulipia kiti cha ofisi, dai maelezo kwa maandishi

Kila inapokaribia Machi 15, Siku ya Haki za Mlaji Duniani, dawati letu la malalamiko ya walaji hupokea wageni wengi kuliko kawaida. Safari hii wengi wamekuja kwa ajili ya viti: kiti cha ofisi cha kuzunguka, na kile cha gemu chenye mgongo mrefu na mabawa, ambacho vijana wa Dar es Salaam wanakinunua Kariakoo au kwenye kurasa za Instagram. Malalamiko yanafanana. Mnunuzi ameambiwa kuna kitambaa cha kawaida na kuna premiamu, ameongeza laki moja au zaidi ili apate premiamu, na baada ya miezi michache kitambaa kimeota vipele vya nyuzi ukingoni pale mapaja yanapogusa, au rangi imepauka, au kiti kinanuka. Anatuonyesha picha kwenye simu. Tukimwomba risiti, imeandikwa "kiti 1".

Hapo ndipo shauri linapodhoofika, kwa sababu hatuna cha kulinganisha na kile alichouziwa.

Ieleweke kwamba premiamu ni neno la biashara. Hakuna sheria inayolitaja kama daraja la kitambaa. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) inaonyesha bidhaa imekidhi kiwango kinachohusika, na haisemi kiti kipi kati ya viwili ni cha hadhi ya juu. Vivyo hivyo utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa, PVoC, unaotumika tangu mwaka 2012. Tunaeleza jambo hili mara kwa mara, na bado watu wanatujibu kwamba kiti "kilipita bandarini, kwa hiyo ni orijino". Kupita bandarini hakumpi muuzaji ruhusa ya kukisifia kiti kwa sifa ambazo hakina.

Sasa tofauti ya kweli iko wapi? Vitambaa vingi vya viti, vya bei ya chini na vya bei ya juu, vimefumwa kwa nyuzi za polyester. Ndiyo maana ile tabia ya kuchomoa uzi dukani na kuuchoma kwa kiberiti, eti kikiyeyuka ni feki, haina maana yoyote na tunaomba iachwe. Polyester ya gharama kubwa nayo huyeyuka. Kinachotofautisha ni unene wa uzi, ufumaji ulioshikana, namna rangi ilivyotiwa, na sponji iliyoko chini yake.

Uimara wa kitambaa dhidi ya msuguano hupimwa kwa mashine ya Martindale. Kipande cha kitambaa husuguliwa kwa kitambaa cha sufu kikiwa kimekandamizwa kwa uzito maalumu, na mizunguko huhesabiwa mpaka nyuzi zianze kukatika. Kwa kiti cha nyumbani kinachokaliwa saa chache, mizunguko 20,000 hivi inatosha. Kwa kiti kinachokaliwa kutwa nzima ofisini, tafuta 40,000 au zaidi. Uvumilivu wa rangi kwenye mwanga una kipimo chake cha 1 hadi 8, na kwa kiti kitakachokaa karibu na dirisha linalopigwa jua la alasiri, chini ya 5 usikubali. Vipele vya nyuzi navyo hupimwa, kuanzia 1 hadi 5, na 5 ndiyo bora. Muuzaji anayetoza bei ya premiamu anapaswa kuwa na namba hizi kutoka kwa mtengenezaji. Kama hana, unalipia sifa ya mdomo.

Wapo wanaomwaga tone la maji juu ya kitambaa mbele ya mteja, tone likasimama kama lulu, na mteja akatoa pochi. Tone linaonyesha tu kwamba kitambaa kimepakwa dawa ya kuzuia maji. Dawa hiyo hupungua kadiri kitambaa kinavyosuguliwa na kufuliwa, na haielezi chochote kuhusu nguvu ya nyuzi.

Upande wa hali ya hewa nina maoni yangu, na nitayasema ingawa muuzaji atapendelea nisiyaseme. Kwa chumba cha Mbagala au Tabata kinachotegemea feni, premiamu mara nyingi si chaguo bora. Kitambaa kizito na laini, kilichobandikwa tabaka la ziada la sponji, hushika joto na jasho. Kitambaa cha kawaida kinachopitisha hewa, au mgongo wa wavu, kitakufaa zaidi na utabaki na akiba. Premiamu inastahili bei yake penye kiyoyozi, penye matumizi ya saa nane kwa siku, na penye watu wengi wanaopokezana kiti kimoja. Wanaokimbilia ngozi ya bandia kwa sababu inafutika kirahisi wajue kwamba joto na unyevu wa pwani huvunja tabaka lake la juu, ikaanza kubanduka vipande vipande. Wengi wanaouliza kuhusu kitambaa leo wamekwisha kuyaona hayo.

Usiruhusu kitambaa kikusahaulishe chuma. Geuza kiti miguu juu pale dukani. Bomba la gesi linalobeba uzito wako lina madaraja, na tofauti iko kwenye unene wa ukuta wake: daraja la 3 ni milimita 2 hivi, daraja la 4 ni milimita 2.5. Tafuta alama iliyochongwa kwenye bomba lenyewe, maana stika hubandikwa na yeyote. Kisha ufungue zipu ya mto, kama ipo, uangalie sponji. Iliyokatwa kutoka kwenye bonge jepesi ina uzito wa kilo 20 hadi 30 kwa mita ya ujazo na hubonyea mapema. Iliyomiminwa kwenye kalibu hufika kilo 50 na zaidi, na hiyo ndiyo inayozuia usikalie ubao baada ya mwaka mmoja. Ningekuwa na fedha za kuongeza kwenye sehemu moja tu ya kiti, ningeziweka kwenye sponji na gesi kabla ya kitambaa.

Maafisa ununuzi nao wanahusika. Tunaona mahitaji yameandikwa "viti vya premiamu, 40" na hakuna kingine, kisha inakuja barua ya kulalamikia mzabuni. Andikeni vipimo. Mkitaja viwango vya uimara wa kiti kama EN 1335 vya Ulaya au BIFMA X5.1 vya Marekani, ombeni na nakala ya ripoti ya majaribio inayotaja modeli hiyohiyo.

Kuhusu usafi nitasema machache. Lebo ya kitambaa yenye herufi W inaruhusu maji, S inataka dawa maalumu isiyo na maji, X inataka kufyonzwa vumbi tu. Msiloweshe kiti kwa ndoo ya sabuni ya unga wakati wa masika, sponji ikakosa jua ikaota ukungu, halafu mkaja kudai kitambaa ni kibovu. Jiki hupausha rangi. Uharibifu wa namna hiyo muuzaji hawajibiki nao.

Sasa nije kwenye utaratibu. Mashine ya EFD, ile inayotoa risiti za kodi dukani, mara nyingi huandika jina fupi la bidhaa. Kwa hiyo, pamoja na risiti, dai ankara au hati ya kupokelea mzigo yenye mhuri wa duka, iliyoandikwa maelezo kamili, kwa mfano: "Kiti cha ofisi, kitambaa polyester asilimia 100, Martindale 40,000, gesi daraja la 4, uzito hadi kilo 120, waranti miezi 12." Ukinunua mtandaoni, hifadhi picha ya tangazo siku ile ile, kwa sababu matangazo hufutwa. Hifadhi na mazungumzo yenu ya WhatsApp.

Kasoro ikijitokeza, anza kwa muuzaji, na uanze kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unafaa. Taja tarehe ya kununua, kilichoahidiwa, kilichotokea na unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Mpe muda wa kujibu. Akikataa au akinyamaza, leta lalamiko likiwa na nakala ya risiti, ankara, picha za kasoro, picha ya lebo na ya upande wa chini wa kiti, na mawasiliano yenu yote. Lalamiko la "nimebadili mawazo kuhusu rangi" hatulipokei, kwa sababu hakuna aliyekudanganya.

Maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yasikutishe. Hayamkingi muuzaji aliyekupa kitu tofauti na alichokieleza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na iliyouzwa kwa kuonyeshwa sampuli ilingane na sampuli. Yule aliyekupapasisha kipande cha kitambaa kizuri kwenye katalogi, kisha akakuletea kingine, anaangukia hapo moja kwa moja.

Ndugu wafanyabiashara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kauli za uongo kuhusu ubora, daraja au muundo wa bidhaa. Inaruhusu itolewe amri ya kusitisha mwenendo, amri ya fidia kwa aliyeathirika, na faini inayoweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Someni vizuri: mauzo ya biashara nzima kwa mwaka, wala si bei ya kiti kimoja. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia sheria hiyo, anayo haki ya kukata rufaa Baraza la Ushindani. Najua wengi wenu huuza kwa nia njema na hurudia tu mlichoambiwa na mwagizaji. Mdaini naye maelezo kwa maandishi, kama mteja anavyowadai ninyi.

Jambo moja zaidi kwa mnunuzi. Kiti kikianza kuharibika, usikikimbize kwa fundi wa Keko avue kitambaa na kuweka kingine kabla hujakipiga picha na kumjulisha muuzaji. Kitambaa cha awali kikishatupwa, ushahidi umekwenda nacho, na hata ukitujia na risiti iliyoandikwa vizuri, tutakuwa hatuna cha kupima.