Barafu ya HD 181327: kusoma shimo la mikromita 3

Barafu ya maji huipati kwenye picha. Vumbi linalozunguka nyota changa linaonekana kama pete hafifu, basi. Barafu inajitaja kwenye spektra, yaani mwanga uliotandazwa kwa urefu wa mawimbi, karibu na mikromita 3, ambako kifungo cha oksijeni na hidrojeni kinatetemeka na kumeza mwanga, na kuacha shimo. Mvuke wa maji wa hewa yetu unameza mwanga karibu na mawimbi hayo hayo, kwa hiyo kazi hii inafaa zaidi angani.

HD 181327 ni nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 155, na ina umri wa miaka milioni 23. Darubini ya angani ya Spitzer ilitoa fununu ya barafu mwaka 2008. Ithibati ikaja 2025 kwa kifaa cha NIRSpec cha darubini ya Webb. Mng'ao wa nyota unaondolewa kwanza, kwa kutumia nyota nyingine ya kulinganishia. Ukikosea kiwango hapa, masalia ya mwanga yanaharibu umbo la shimo. Kisha spektra ya vumbi inagawanywa kwa ile ya nyota. Kinachobaki ndiyo tabia ya chembe zenyewe.

Sasa angalia umbo. Barafu iliyoganda ovyo kwenye baridi ya Kelvini 10 hutoa shimo laini, la mviringo. Hapa kuna kijinundu chenye ncha kwenye mikromita 3.1, alama ya barafu ya fuwele, ambayo molekuli zake zimejipanga, kama ya pete za Zohali. Kina peke yake nisingekiamini: chembe zikiwa kubwa shimo hupanuka na kujaa, na barafu ukiongeza, kina hakiongezeki sana. Ukubwa wa chembe lazima ukadiriwe pamoja na kiasi cha barafu.

Matokeo: ukingo wa nje barafu ni zaidi ya asilimia 20, katikati karibu 8, ndani takriban hakuna.

Wengi watakimbilia mstari wa theluji, yaani umbali ambao ndani yake joto la nyota haliruhusu barafu kudumu. Hapana. Pete hii iko mbali na nyota yake takribani mara 80 hadi 120 ya umbali wa Dunia na Jua. Hata upande wa ndani ni baridi mno kwa barafu kupaa kwa joto. Anayeshukiwa zaidi ni mionzi ya urujuanimno, inayong'oa molekuli mojamoja kwenye chembe ndogo zisizo na kifuniko. Ndani ya miamba mikubwa barafu imejificha salama, na huko nje miamba hiyo ikigongana, chembe mpya zenye barafu zinamwagika haraka kuliko mionzi inavyozila.