Kompyuta haina magharibi, binadamu anayo

Msimu wa korosho ukifunguliwa, huku kwetu Mtwara wapo watu wa aina mbili wasiolala vizuri. Wa kwanza ni mkulima aliyepeleka magunia yake ghalani na sasa anasubiri malipo. Wa pili ni kijana wa TEHAMA. Minada siku hizi inaendeshwa kidijitali, majina ya wakulima yako kwenye kompyuta, fedha zinapita benki na kwenye simu. Kwa hiyo jambo lolote likikwama, hata kama kilichokwama ni lori barabarani, anayepigiwa ni yeye. "Mfumo vipi?" Ataulizwa saa nne usiku, ataulizwa tena kabla jua halijachomoza.

Watu wa kazi hii wakifika katika kitengo chetu cha afya ya akili, mara nyingi huanza na mwili: kichwa kinagonga, tumbo linasokota, moyo unakwenda mbio, usingizi unakatika saa nane na haurudi. Mmoja wao, ambaye nimembadilishia mambo kadhaa asitambulike, aliniambia: "Dokta, hela ninayo ya kutosha, na mke wangu hatugombani. Lakini sikumbuki mara ya mwisho nilifurahi lini." Nikamwuliza siku yake ya kazi huishaje. Akanyamaza kidogo. "Haiishi," akasema. "Nalala tu."

Jibu lile nimekuwa nalo tangu siku hiyo, kwa sababu linaeleza tatizo kuliko vitabu vingi nilivyosoma darasani. Seremala akimaliza mlango, mlango unafunga na kufungua, anafagia maranda, anakwenda zake. Mvuvi wa Mikindani akipandisha chombo na kuanika nyavu, bahari ya leo imekwisha, iwe alipata au alikosa. Mfumo wa kompyuta hauna mahali pa kusema "basi". Kasoro ya leo ukiirekebisha, sasisho la kesho litaleta nyingine. Tena kazi nzuri ya fundi wa mtandao ni ile isiyoonekana: mambo yakienda sawa hakuna anayemkumbuka, yakiharibika mji mzima unalijua jina lake.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuchoshwa na kazi kupita kiasi katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuiita ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa, na likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona hufanyi lolote la maana. Ninaowahudumia huanza kunieleza ya kwanza, lakini inayowaumiza zaidi ni ile ya pili. Msichana anayeandika programu akiwa chumbani kwake, kwa wateja ambao hajawahi kuonana nao, alikiri kwamba kila ujumbe ukiingia humkera kabla hajausoma. Huyu ni mtu aliyeipenda kazi hiyo tangu shuleni.

Hapa ndipo ninapotaka kuizungumzia ibada, na nitaizungumzia kama mtu wa afya ya akili. Mashekhe na mapadri wanayo ya kwao ya kusema, na wanayajua kuliko mimi. Ninachokiona mimi ni kwamba ibada ina kitu ambacho kazi ya kompyuta imenyimwa: inaanza na inaisha. Swala inafungwa kwa salamu, kulia kisha kushoto. Misa ina mahali ambapo waumini wanaambiwa waende na amani. Sala ya mtoto kabla ya kulala ina "amina". Mwili na akili vinapewa ishara kwamba jambo hili limekamilika, hata kama dunia nje ya mlango haijakamilika.

Pwani hii imeishi na mwendo huo muda mrefu. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331, mji ulikuwa na shughuli za dhahabu na wafanyabiashara kutoka ng'ambo, na bado alichowasifia watu wake ni dini na wema. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao historia yake inaanzia karne ya 11, upo katikati ya magofu ya mji huo wa biashara. Upande wa bara, Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki waliofika Ndanda mwaka 1906, wana hospitali, karakana na kiwanda cha kuchapa, na kengele ya sala inalia humohumo katikati ya kazi. Kanuni wanayoifuata, ya karne ya 6, inasema katika sura ya 43 kwamba mtawa akisikia ishara ya sala aache papo hapo alichoshika mkononi. Haisemi amalize kwanza.

Hilo la kuacha kabla ya kumaliza ndilo gumu kwa watu wa teknolojia, na wengi wameniuliza: nitaswali vipi wakati kichwa kiko kwenye seva? Swali zuri, na lina jibu. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka, hasa kazi ile ikiwa haijaisha. Baadaye yeye na mwenzake waligundua kwamba anayeandika kwa kifupi alipofikia na atakapoanzia akirudi huhama akiwa na akili nyepesi zaidi. Basi, adhana ikisikika au kengele ikilia, chukua nusu dakika. Andika kwenye karatasi: "Nimefika hapa, nikirudi naanza na hiki." Kisha nyanyuka. Karatasi itakushikia kazi yako, wewe nenda ukiwa na mikono mitupu.

Wudhu wenyewe unasaidia, na sisemi hivyo kwa kubahatisha. Maji ya baridi usoni na mikononi yanamrudisha mtu mwilini mwake baada ya saa tatu za kuwa kichwani tu. Lipo pia suala la pumzi. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra za yoga, yaani maneno mafupi yanayorudiwarudiwa. Njia zote mbili zilishusha pumzi hadi takriban sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20. Kwa mwendo ule mapigo ya moyo na msukumo wa damu hupatana, na mwili hupata utulivu. Anayesema tasbihi taratibu, anayesali rozari bila kukimbizana, hata anayerudia jina la Mungu kimoyomoyo akiwa kwenye bajaji, yuko karibu na mwendo huo. Kinachoharibu ni haraka. Nimewaona watu tasbihi iko mkono wa kulia na simu iko wa kushoto, kidole kinahesabu huku jicho linasoma kundi la WhatsApp la ofisini. Ndiyo maana nawashauri watu wa TEHAMA watumie shanga badala ya programu ya simu ya kuhesabia: ndani ya simu ile ofisi imekaa inakusubiri.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Waandika programu kadhaa walinisimulia baadaye, tena kwa aibu, kwamba siku ile walipumua. Hakuna aliyeweza kuwalaumu, hakuna walichoweza kurekebisha. Mmoja alikwenda na watoto ufukweni Shangani, akashangaa kumbe wanaweza kuogelea. Niliumia kusikia hivyo. Mtu asisubiri waya ukatike chini ya bahari ndipo apate ruhusa ya kumtazama mwanawe.

Kushukuru nako kuna kazi yake maalumu kwa watu hawa, na hapa nawaomba wanisikilize vizuri. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walilinganisha watu walioandika mambo ya kushukuru na wale walioandika kero. Walioshukuru waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi. Wengi wetu tunashukuru kwa jumla: asante kwa uhai, asante kwa afya. Ni vizuri, ila anayefanya kazi isiyoonekana anahitaji kushukuru kwa jambo lenye sura. Yule kijana wa korosho nilimpa kazi ya kuandika kila jioni jambo moja lililokwenda sawa, na mtu mmoja lililomgusa. Siku ya tatu aliandika: "Bibi wa Nanyamba kalipwa." Bibi huyo hajui kama kuna mfumo, wala hajui kama kuna kijana. Lakini kijana alipomtaja kwenye dua yake usiku ule, kazi yake ilipata uso kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Sasa tahadhari, na hii sitaizunguka. Dini inaweza pia kuumiza. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament ameonyesha kwa miaka mingi kwamba anayemwona Mungu kama mfariji hustahimili misukosuko vizuri zaidi, na anayeamini mateso yake ni adhabu huzidi kudhoofika. Kila mwezi hukutana na mtu aliyeambiwa kuwa ana wasiwasi kwa sababu imani yake haba. Sonona ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Ukiona huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumekaa wiki mbili au zaidi, usingizi na chakula vimevurugika, au mawazo ya kufa yanakujia, nenda kituo cha afya. Kwa hilo la mwisho usingoje hata kesho. Endelea na sala zako, na dawa au ushauri uvipokee. Viongozi wetu wa dini, mkimwona muumini katika hali hiyo mwombeeni kisha msindikizeni hospitali.

Waajiri nao wasijifiche nyuma ya imani za watu. Kumwambia kijana asali wakati zamu ya usiku ni yake peke yake mwezi mzima ni kumwonea. Gawaneni zamu, simu ya dharura iwe moja na ihame mikono. Na asiye na dini yoyote naye anahitaji ukomo wa siku: kutembea pwani jua linapotua, dakika kumi za kukaa kimya barazani, kumwagilia mchicha.

Yule kijana alikubaliana na mwenzake wapokezane kuanzia magharibi hadi isha, na kwa muda huo simu inalala kwenye droo. Wiki ya kwanza mkono wake uliitafuta mfukoni msikitini, aliniambia, kama mtu aliyeacha sigara. Alipokuja tena mwezi Desemba nilimwuliza swali lilelile: siku yako huishaje? Akahesabu kwa vidole. Kati ya siku saba zilizopita nne ziliisha, na tatu zilikuwa siku za mnada na kufukuzia malipo, zikamshinda. Jana yake alikuwa uani na binti yake wanakula maembe, mwanga umeshaondoka, na hakujua ni saa ngapi. Tumepanga tuonane tena msimu ukifungwa.