Msamaha wa ada ya maombi haumpunguzii mtoto nafasi

Wiki hii tena mzazi mmoja wa Area C, Dodoma, kaniuliza: "Mwalimu, akiomba asamehewe ada, si watamwona maskini wamwache?" Binti yake form four alitoka na wani ya pointi 7, na tayari kafuta vyuo kadhaa vya Marekani kwenye orodha yake kwa hofu hiyo. Nimechoka kuona watoto wakijikata wenyewe.

Ada ya maombi ni malipo ya kushughulikia fomu tu. Vyuo vingi vya Marekani hutoza kati ya dola 50 na 90. MIT ni 75. Vipo pia visivyotoza kabisa, anzia huko.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kuna maombi mawili. Kuna wiva (fee waiver), yaani msamaha wa ada ya fomu basi. Halafu kuna msaada wa kulipia masomo, na hapo hofu ina msingi: kwa mwanafunzi anayetoka nje ya Marekani, vyuo vingi hupima uwezo wa familia kabla ya kuamua. Vinavyoamua bila kuutazama ni vichache, wakiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Hofu ya msaada ndiyo watu wameihamishia kwenye wiva.

Je, chuo kidogo chenye bajeti finyu hakuna afisa anayeiona wiva akakisia hali ya nyumbani? Siwezi kukuapia. Lakini ukishaomba msaada, hali ya nyumbani umeshaiandika mwenyewe kwenye fomu zao. Wiva itawaambia nini kipya?

Kwenye Common App, tovuti ya kuombea vyuo vingi kwa fomu moja, ingia Profile, tafuta sehemu ya msamaha wa ada. Vigezo vya juu ni vya Wamarekani: chakula cha bure shuleni, viwango vyao vya kipato. Wanafunzi wetu wakifika hapo hufunga ukurasa. Shuka hadi cha mwisho: kinakubali maelezo ya ofisa wa shule au kiongozi wa jamii. Chagua hicho, weka jina lako kama sahihi.

Kisha shule inathibitisha. Mwone mwalimu wa taaluma mapema, Novemba, maana vyuo vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, na wakati huo mwalimu wako yuko likizo kwao Kondoa, simu inashika mtandao akipanda kilimani.

Chuo kikikataa wiva ya Common App kwa wanafunzi wa nje, kiandikie barua pepe ofisi ya udahili: jina, shule, nchi, namba ya mwombaji, na sentensi moja kwamba ada hiyo familia haiimudu. Usisimulie misiba. Wengine watajibu kwa kukutumia namba ya siri (code) ya kujaza wakati wa kulipa, wengine watakataa, unaendelea na chuo kingine. Namba hiyo chuo hutoa bure. Anayekuuzia kwa elfu ishirini pale steshenari ni tapeli.