Kutu ya nyuzi: kinachomaliza rangi ya alminiamu kwenye joto na unyevu

Watu husema alminiamu haishiki kutu, na hapo wamepatia nusu. Ikikutana na hewa inajitengenezea utando wa oksaidi, mwembamba mno, nanomita chache tu, na huo ndo ngao yake. Ila chumvi inautoboa, na saruji mbichi inaula kabisa, maana utando huo unatulia pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ikiwa kati ya 4 na 8.5 hivi na saruji imeshapita 12. Ndo maana tunaongeza koti juu, ama anodaizi, yaani oksaidi ileile inanenepeshwa kwa umeme hadi maikroni 25 hivi kwa vitu vya nje, ama rangi ya poda ya maikroni 60 hadi 80 inayookwa kwenye oveni.

Sasa tropiki, jua linavunja resini, yaani gundi inayoshikilia rangi, rangi inapauka, ukipitisha kidole kinatoka na unga. Inaudhi macho lakini alminiamu ya chini bado nzima. Cha kuogopa ni kutu ya nyuzi, hii inaanzia penye mkato, tundu la skrubu au mkwaruzo, chumvi na unyevu vinapenya hapo alafu kutu inatambaa kama uzi chini ya rangi, mfano wa njia ya mchwa. Kichwa cha uzi kina asidi na ndo kinachokula alminiamu, mkia unabaki unga mweupe mkavu unaopitisha oksijeni kwenda mbele, kwa hiyo uzi unajilisha wenyewe na rangi juu yake inainuka vimistari vimistari. Inapenda unyevu wa hewa wa asilimia 75 hadi 95, na huko pwani za joto hali hiyo ipo karibu kila usiku.

Aloi nayo, yaani mchanganyiko wa alminiamu na metali nyingine, ina neno, zenye shaba nyingi kama ile ya namba 2024 zinashambuliwa haraka kuliko namba 6063 ya fremu za madirisha. Lakini kwa maoni yangu uimara unaamuliwa kabla rangi haijapigwa, kwenye kuosha mafuta, kuondoa ile ngozi ya juu iliyovurugwa kiwandani, na kuweka tabaka la kushikisha rangi. Zamani tabaka hilo lilikuwa krometi, kemikali yenye kromiamu, siku hizi linaachwa kwa sababu aina ya kromiamu iliyomo humo, kromiamu 6, inasababisha kansa. Kwa pwani, wengine wanaweka anodaizi nyembamba kwanza ndo poda ifuate, na inasaidia kweli. Ukiongeza unene wa rangi tu huku chini pachafu, uzi utapita vilevile.

Na zile sehemu za chini ya paa ambako mvua haifiki zioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, chumvi inajikusanya huko kimyakimya.