Boili siyo ugali wenye harufu, jamani

Siku hizi kila donge la unga lenye rangi na harufu ya stroberi linaitwa boili. Mtu amesonga ugali, ametia vanila, ameviringisha, tayari anatangaza "nimetengeneza boili za kuvulia kapi", yaani yule samaki carp. Hapana bana. Huo ni ugali, na mi sina ugomvi na ugali, kapi wanaula vizuri tu.

Boili ni chambo cha unga uliokandwa kwa mayai mabichi, ukaviringishwa vidonge, ukatoswa kwenye maji yanayochemka dakika moja mbili hivi, ukatolewa ukaanikwa ukakauka. Basi. Harufu na rangi ni nyongeza, hata bila hizo bado ni boili, ila bila yai na bila kuchemshwa hakuna boili hapo.

Sa kinachoniudhi ni watu kudhani inachemshwa ili iive kama mandazi. Kapi hajali kimeiva ama hakijaiva! Kinachotafutwa ni gamba. Yai likikutana na maji moto linaganda, kidonge kinafanya ngozi ngumu kwa nje, na hiyo ngozi ndio inawashinda samaki wadogo wanaomegamega. Chukua Ziwa Naivasha kule Kenya, kapi walianza kuonekana kule karibu na mwaka 2000 na ikafika wakati ndio waliojaa nyavu, lakini ukishusha ugali laini tilapia wadogo wanaumaliza kabla kapi hajafika, na kuna wale kreifishi, yaani kamba wa maji baridi wa kutoka Marekani, walioletwa ziwani 1970 nao wana makoleo yao, we umekaa ukingoni unangoja na ndoana iko tupu kitambo. Boili inatulia chini masaa. Kapi mkubwa akija anaifyonza nzima, meno yake yako huko kooni na yanasaga hata konokono na ganda lake, kwa hiyo ugumu haumsumbui.

Na kwa vile ni ngumu haichomwi na ndoana. Inatobolewa kwa sindano, inaning'inizwa kwa kauzi kafupi nyuma ya ndoana, ndoana yenyewe inabaki wazi. Hii ni kazi ya Waingereza wawili, Len Middleton na Kevin Maddocks, mwishoni mwa miaka ya 70, na mwanzoni walitumia unywele wa kichwani kabisa, ndo maana mpaka leo wavuvi wa kapi wanauita unywele. Kapi ana tabia ya kufyonza kitu na kukitema akionja, sasa akitema ndoana inamshika mdomoni.

Kuhusu harufu, Fred Wilton, mvuvi wa kapi naye Mwingereza, alishabishana na watu tangu zamani kwamba kapi anarudia chambo chenye lishe, siyo kinachonukia tu. Mi niko upande wake. Chupa nzima ya vanila kwenye unga mtupu ni hasara.

Wala sisemi lazima uvue na boili. Mvuvi Chris Yates mwaka 1980 alitoa kapi wa zaidi ya kilo 23 pale bwawa la Redmire, Uingereza, akawa rekodi ya nchi, na chambo kilikuwa punje za mahindi matamu. Ila kama ni mahindi makavu loweka siku nzima halafu chemsha nusu saa ama zaidi, usiyamwage makavu majini, yanavimba ndani ya samaki na kapi hana hata mfuko wa tumbo wa kuyahifadhi.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukisonga unga na maji ukaviringisha, uite donge ama ugali wa chambo, tutakuelewa na hakuna atakayekucheka. Ukitaka tuuite boili vunja mayai kwanza, halafu bandika sufuria.