Kamera haionekani kwenye kompyuta? Kagua anwani kabla ya kununua bando

Malalamiko yameongezeka kutoka kwa wenye maduka na nyumba za wageni hapa Malindi: kamera imefungwa, taa inawaka, lakini kompyuta haiioni. Wengi hukimbilia kununua bando. Bando haihusiki. Kamera na kompyuta zilizo kwenye ruta moja huwasiliana bila intaneti kabisa, na hili tumelieleza mara nyingi.

Kinachohusika ni anwani, yaani namba inayokitambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Kamera ikiwa na 192.168.1.108, kompyuta nayo ipewe anwani ya ukoo huo, tuseme 192.168.1.50, na maski (namba inayoonyesha ni sehemu gani ya anwani lazima ifanane) ya 255.255.255.0. Namba tatu za kwanza zifanane, ya mwisho itofautiane na ya kila kifaa kingine, printa ikiwemo. Ukiona kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, ujue imeomba anwani kwa ruta na haikujibiwa. Anza kwa kukagua kebo. Ukimaliza kuipanga kamera, irudishe kompyuta kwenye hali ya kupokea anwani yenyewe. Watu husahau, kisha wakiipeleka kwenye mtandao mwingine wanadai imeharibika.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni nywila ya kiwandani, ile kamera inayokuja nayo ikiwa mpya. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila kama hizo, na tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vikatumiwa kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, hadi tovuti kubwa zikawa hazifunguki Marekani. Tafadhali badilisha nywila kabla kamera haijaunganishwa na intaneti.

Kuingia kwenye kamera ya jirani bila idhini yake, eti nywila inajulikana, ni jambo la mahakama. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kinaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Nia ikiwa ni kutenda kosa jingine, kifungu cha 15 kinapandisha hadi milioni 10 au miaka 10, au vyote viwili. Nazo picha za wateja ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: weka kibao cha kuwaarifu kwamba wanarekodiwa.

Ukishindwa, njoo ofisini na anwani tatu ulizoziandika: ya kamera, ya kompyuta na ya ruta. Hatupendekezi fundi wala aina ya kamera. Nywila usituletee.