Donburi: maana yake, na namna ya kuiandaa kwa samaki wa kopo

Donburi ni neno la Kijapani lenye maana mbili zinazokwenda pamoja. Kwanza ni bakuli lenyewe, lenye kina na kubwa kuliko lile dogo la wali wa kila siku liitwalo chawan. Pili ni chakula kinachopakuliwa humo, yaani wali wa moto uliofunikwa kitoweo pamoja na mchuzi wake. Neno hilo likiunganishwa na jina la kitoweo hufupishwa kuwa -don. Gyudon ni ya nyama ya ng'ombe, unadon ni ya mkunga, na oyakodon, yaani "mzazi na mwana", ni ya kuku na yai. Nyama ya ng'ombe au ya nguruwe ikichukua nafasi ya kuku, chakula huitwa tanindon, "ya watu baki", kwa kuwa nyama hiyo na yai havina udugu.

Msomaji wa Kiswahili hapati shida kuielewa dhana hii, kwa sababu kama sisi tunavyotenga mpunga, mchele na wali, Wajapani nao hutenga ine shambani, kome ghalani na gohan mezani, na kitoweo wana neno lake, okazu. Katika mlo wao wa kawaida wali mweupe hukaa peke yake katika bakuli lake, vitoweo hukaa katika vyombo vingine, na wali haumwagiwi mchuzi. Donburi huuondoa utengano huo: mchuzi hushuka kutoka kwenye kitoweo na kupenya katikati ya punje, hata wali wa chini ukawa na ladha ya kilichopo juu. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo moyo wa dhana yenyewe, kwani kuweka samaki juu ya wali mkavu hakutoshi kuufanya kuwa donburi. Katika migahawa ya gyudon mteja apendaye mchuzi mwingi husema neno moja tu, tsuyudaku, na mpakuaji huongeza.

Tangu zamani chakula hiki kimekuwa cha watu wenye haraka. Unadon ilienea mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, katika karne ya 19, na mgahawa wa gyudon wa Yoshinoya ulianzishwa mwaka 1899 katika soko la samaki la Nihonbashi, ambako wachuuzi na wachukuzi walihitaji kushiba upesi na kurudi kazini.

Samaki wa kopo naye ana historia ndefu Japani. Mwaka 1871 Matsuda Masanori alitengeneza dagaa wa mafuta katika makopo huko Nagasaki, baada ya kufundishwa na Mfaransa Léon Dury, na mwaka 1877 kiwanda cha kusindika samoni kilifunguliwa Ishikari, Hokkaido. Siku hizi kopo linalopatikana kwa urahisi madukani ni la saba, samaki wa jamii ya vibua, ambaye jina lake halihusiani na hesabu yetu. Vipande vyake huwekwa vikiwa vibichi, kopo likafungwa, kisha samaki akapikwa humo humo kwa mvuke wenye shinikizo na joto linalozidi nyuzi 100. Kwa sababu hiyo mifupa hulainika, na maji yote ya samaki hubaki ndani. Wapo wa maji na chumvi, wa miso, yaani rojo ya soya iliyochachushwa, na wa sosi ya soya na sukari.

Anza na wali. Mchele wa Kijapani una punje fupi na wanga wenye amilosi kidogo, yaani ile sehemu ya wanga inayofanya punje ziachane, hivyo hushikana ukiiva. Uoshe mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, uloweke nusu saa, uupike bila mafuta wala chumvi, kisha uuache umefunikwa dakika 10 baada ya kuzima jiko. Mchele wetu mrefu nao unafaa, ingawa punje zake huachana na ni afadhali kula kwa kijiko kuliko kwa vijiti.

Wakati wali unatulia, fungua kopo la saba wa maji, ambalo kwa kawaida lina gramu 190 hivi na hutosha watu wawili. Usimwage yale maji. Yamimine kwenye kikaango pamoja na kijiko kimoja cha sosi ya soya, nusu kijiko cha sukari na tangawizi iliyokunwa, uyachemshe mpaka yapungue na kuanza kung'aa, kisha uwaingize samaki kwa dakika moja tu bila kuwakoroga, kwa kuwa tayari wameiva na hupasuka upesi. Wapange juu ya wali, umwagie mchuzi kidogo kidogo, unyunyize kitunguu cha majani na ufuta uliokaangwa. Ukitumia kopo la miso au la soya na sukari, huna haja ya kuongeza sosi wala sukari, pasha tu.

Uti wa mgongo usiutoe. Ubonyeze kwa kijiko nao utasagika kama chaki iliyolowa, na kalsiamu nyingi ya samaki huyo imo humo.